Ripoti ya Ijumaa

Jumamosi saa nne asubuhi soko la Mutindwa halina nafasi hata ya kugeuka. Wauza mitumba wanapiga makofi, spika zinashindana kelele, na ukisimama kutazama blauzi moja tu, watu watatu washakukanyaga. Hapo ndipo Hikma alipokuwa amesimama, buibui jeusi, mtandio wa zambarau, simu ameibana kati ya sikio na bega, mkono mmoja umeshika mkoba wa laptopu alioufukua kwenye rundo. Na alikuwa anafoka.

"Lydiah, nisikize. Hii skripti nimeiangalia mara kumi. Naandika jina la makro, yenyewe inaniletea thamani yake. Sitaki thamani, nataka jina! Inalipanua kabla hata sijamaliza kusema."

"Lifunge kwa mabano," sauti ya kiume ikasema nyuma yake.

Hikma akageuka. Kijana mwembamba, mrefu, shati jeupe limenyooshwa pasi kana kwamba anaenda Idi, na mkono wake umeshika mkanda wa mkoba uleule.

"Samahani, unaongea na mimi?"

"Naongea na skripti yako. Neno ukiliacha wazi, mashine ikilikuta inalipanua hapohapo. Lifunge kwa mabano ya mraba, italiacha lilivyo. Likipanuka bado, funga mara mbili."

"Lydiah, nitakupigia." Hikma akakata simu. "Na wewe, nani amekuuliza?"

"Hakuna. Lakini umelifokea soko zima. Hata mama wa nyanya pale sasa anajua makro zako zina shida."

Mama wa nyanya akacheka kweli. Hikma akajitahidi asicheke, ikashindikana.

"Na huu mkoba ni wangu," akasema. "Wewe umeshika mkanda tu."

"Basi nenda nao, dadangu. Mimi niachie namba ya simu, tutakuwa tumegawana sawa."

Ningependa kuwaambia kwamba binti wa watu alikataa. Hakukataa. Alimpa namba, akachukua yake, akaenda zake nyumbani Makadara, akafungua kompyuta, akaweka mabano, na skripti iliyomsumbua wiki nzima ikapita bila kosa hata moja. Akampigia yeye kabla ya kumpigia Lydiah.

"Imekubali," akasema.

"Skripti au wewe?"

"Wewe kijana una mdomo! Unaitwa nani?"

"Abdurahim. Nakaa Kayole. Na nitakuwa nakusumbua, nakuambia mapema."

Ofisi ya Hikma ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi, si mbali na Jogoo Road. Watu sita tu. Walitengeneza kifaa kidogo kinachokaa ndani ya friji za dawa katika vituo vya afya. Joto likizidi digrii nane, kifaa kinapiga kengele na kumtumia muuguzi ujumbe. Kabla programu haijaingizwa kwenye kifaa, kuna skripti inayoiunganisha: inakusanya mafaili, inajaza majina, inabadilisha maneno. Na makro si kitu cha kutisha. Ni neno uliloiambia mashine mapema, ukiliona hili, weka lile. Mashine haina akili ya kuuliza. Ikiliona, inaweka.

Baada ya miezi miwili mkuu wao, Bwana Mbaluka, alikuwa anatafuta mtu wa kazi hiyohiyo, na Hikma akamtaja Abdurahim. Akapewa meza inayotazamana na yake. Jamani, nani alifanya kazi hapo? Lydiah alikuwa akilalamika kwamba anakaa katikati ya harusi.

"Hikma, unaniangalia," Abdurahim angesema bila kuinua macho.

"Naangalia ukuta."

"Ukuta una bahati, wallahi."

Mchana wakila viazi karai vya mamake Hikma kutoka mkebe mmoja, Hikma akimchagulia vile vidogo vilivyokauka vizuri. Jioni simu. Asubuhi simu. Abdurahim hakumwita tena dadangu, akawa anamwita roho. "Roho, umefika?" "Roho, umekula?" Na Hikma, ambaye tangu utotoni hakupenda kuulizwa-ulizwa, alijikuta akiisubiri simu hiyo kama mtu anayesubiri maji ya mfereji yarudi.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye ubaya wote, na ulikuwa mdogo sana.

Siku moja mwezi wa pili, Hikma alikuwa akijaribu kihisi kipya cha joto mezani kwake. Chumba kina joto la digrii ishirini na sita, kikomo cha kifaa ni nane, kwa hiyo kengele ikalia asubuhi hadi adhuhuri. Lydiah akamrushia kofia. Mwenye duka la matairi akapanda ngazi kuuliza kama kuna moto. Hikma akachoka. Akafungua faili lake aliloliita majaribio, akaandika makro: neno KIKOMO, thamani arobaini. Kengele ikanyamaza. Akasema ataifuta jioni. Jioni Abdurahim alimngoja mlangoni, wakaondoka wakicheka, na makro ikabaki.

Katika skripti iliyokusanya faili hilo kulikuwa na mstari wa Abdurahim, aliouandika tangu mwezi wa kumi na moja. Ndani yake kulikuwa na neno KIKOMO, ambalo kifaa chenyewe kilipaswa kulijaza nane. Na yeye, mwalimu wa mabano, siku hiyo hakuliweka kwenye mabano. Lilikaa wazi miezi mitatu bila madhara, kwa kuwa hakukuwa na makro ya jina hilo. Hikma alipoileta, mashine ikalikuta neno liko wazi, ikaweka arobaini. Hakuna aliyeona. Programu mpya ikapelekwa vituoni.

Mwezi wa nne, wiki ambayo wazee wa Abdurahim walikuwa waje Makadara kuleta posa Jumapili, stima ilipotea kwenye kituo kimoja cha afya. Friji ikapata joto siku nzima, kengele haikulia, insulini yote ikaharibika. Muuguzi mmoja aligundua kabla haijamfikia mgonjwa, Mungu alisaidia. Lakini wenye kituo walipiga simu kwa Mbaluka Ijumaa asubuhi, na hawakupiga kusalimia. Walisema wanakuja saa nane.

Ofisi hiyo ilikuwa na kanuni yake. Hitilafu ikimfikia mteja, aliyeipata anaandika ripoti ya ukurasa mmoja: mstari gani, mwenye mstari nani, chanzo nini. Na mwenye mstari ni yule ambaye rekodi inaonyesha aliuandika mwisho. Hikma ndiye aliyeupata, saa saba kasoro dakika kumi. Akaona neno wazi. Akaona jina la Abdurahim.

Meza iliyomtazama ilikuwa tupu. Abdurahim alikuwa ameenda swala ya Ijumaa, simu amezima, na Hikma alijua hivyo, maana ni yeye aliyemwambia, "Roho, niombee dua na mimi." Saa nane kasorobo angekuwa amerudi.

Lydiah akachungulia kioo cha kompyuta. "Ala! Ni mstari wa bwana harusi. Na utaliandika jina lake kweli, ama tutaambiwa ni panya?"

Alikuwa anatania tu. Lakini Hikma moto ulimpanda usoni. Miezi yote hiyo alikuwa akiogopa neno hilo, kwamba atasemwa anampendelea mchumba. Angekuwa mtu mwingine, angemngoja. Kwa kuwa alikuwa Abdurahim, hakungoja. Akaandika: mwenye mstari, Abdurahim. Chanzo, neno limeachwa bila mabano. Kisha akaongeza: hakuupima. Hilo la mwisho hakulijua, alilikisia. Wala hakujiuliza ile arobaini ilitoka wapi. Akaituma saa saba na dakika ishirini.

Simu yake ililia saa kumi.

"Hikma. Umeandika sikuupima?"

"Mstari ni wako, Abdurahim."

"Ni wangu. Mabano nilisahau mimi, sikatai. Nakuuliza hilo lingine. Nilipimia wapi, lini, umeangalia?"

"Ulikuwa msikitini."

"Swala huisha, Hikma! Dakika ishirini na tano. Umeshindwa kuningoja dakika ishirini na tano? Mbaluka amenifuta kazi mbele ya wageni. Amenisomea ripoti yako kwa sauti."

Hikma angesema samahani hapo, mambo yangekuwa mengine. Lakini aibu ikimkaba mtu humtoa ukali. "Ulitaka nikufiche? Nidanganye kwa sababu tunaoana?"

"Nilitaka uniulize."

"Na Jumapili," Hikma akasema, na hata yeye hakujua maneno hayo yalitoka wapi, "wazee wasije kwanza. Mama atauliza unafanya kazi wapi, nitamwambia nini?"

Hikma alisikia watu wakipita upande wa pili wa simu, na muuza njugu akipiga kelele.

"Sawa, Hikma," Abdurahim akasema. Hakumwita roho. Akakata.

Miezi minne. Hikma akaandika ujumbe akafuta, akaandika akafuta. Alijiambia, akinitaka atapiga. Alijiambia, ni yeye aliyekosea, mbona mimi ndiye nijishushe? Mchana alikula peke yake, viazi vikarudi nyumbani nusu, na mamake akawa anavitazama bila kusema. Meza ile alipewa mtu mwingine. Alikonda. Nawaambieni alimpenda yule kijana, kila siku ya miezi hiyo minne alimpenda, na kila siku alikaa kimya. Sijui tunawaza nini.

Mwezi wa nane walipata kifaa cha aina mpya. Hikma akakiandikia mstari wake, akakiacha kihisi kwenye joto la chumba, akangoja kengele. Haikulia. Akabadilisha waya. Akaweka karibu yake kikombe cha chai ya uvuguvugu. Kimya. Basi akaiagiza mashine imwonyeshe kila neno inalolibadilisha, moja baada ya jingine, akakaa kuyasoma. Kwenye mstari wa mia mbili na kitu akaliona: KIKOMO, imekuwa arobaini. Faili, majaribio. Aliyeandika, Hikma.

Alisoma mara tatu. Kisha akatazama mstari wake mpya na kuona kwamba hata yeye, kwa haraka, neno lile aliliacha bila mabano.

Akafungua rekodi za mwezi wa kumi na moja. Vipimo vya Abdurahim vilikuwapo vyote, tarehe, saa, matokeo. Aliupima mara sita. Mara zote sita kengele ililia kwenye nane.

"Hikma, vipi?" Lydiah akauliza. "Hikma! Mbona unalia?"

"Ni mimi," akasema. "Lydiah, ni mimi. Tangu mwanzo ni mimi."

Alimpelekea Mbaluka kila kitu kimechapishwa. Mzee wa watu akasoma, akavua miwani.

"Ungeniletea hii mwezi wa nne, ungekuwa nje, binti yangu."

"Najua."

"Unaweza kuirudisha kwenye droo. Hakuna anayeuliza tena."

"Andika ilivyo, Bwana Mbaluka. Andika barua, useme aliupima, useme kosa lilitoka kwa makro yangu. Na useme kazi yake ipo, akitaka."

Mbaluka akaandika, akatia sahihi na mhuri. Hikma akapewa onyo la maandishi na kuondolewa kwenye skripti zile. Hakujali hata kidogo. Alikuwa na barua mkononi, na mara ya kwanza tangu mwezi wa nne, moyo wake ulikuwa na kitu cha kushika. Atampa. Atamwomba msamaha. Abdurahim atarudi kazini, wazee watakuja.

Jumamosi akavaa dera jipya la kijani, akajipaka wanja, akajifukiza udi. Mamake alikuwa anakunja nguo.

"Unaenda kumwomba?"

"Naenda kumwomba, mama."

"Basi usiende na maneno mengi. Wewe maneno ndiyo yamekuponza."

Abdurahim alikuwa amefungua kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta Kayole, karibu na Spine Road. Kibanda cha mabati ya buluu, kimewekwa kaunta ya kioo. Alikuwa ameinamia laptopu iliyofunguliwa tumbo, bisibisi mkononi, ndevu amezifuga kidogo. Hikma akasimama mbele ya kaunta.

"Assalaam alaikum."

Akainua kichwa. Bisibisi ikabaki hewani. "Wa alaikum salaam. Hikma." Akavuta stuli. "Karibu. Keti."

"Ilikuwa makro yangu," akasema kabla hajakaa. "KIKOMO. Niliiweka ili kengele isinipigie kelele mezani, nikasahau kuifuta. Mstari wako ulikuwa mzima. Nimeona vipimo vyako, vyote sita. Nimekudhulumu, Abdurahim. Nisamehe."

Alingoja ashtuke. Hakushtuka.

"Nilijua," Abdurahim akasema taratibu.

"Ulijua nini?"

"Ijumaa ileile. Kabla hawajanifungia kompyuta niliiuliza mashine arobaini imetoka wapi. Ikanipeleka kwenye faili lako."

"Na ukanyamaza? Ulifukuzwa kazi, ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Wale watu wa kituo walitaka mtu wa kufukuzwa. Ningewapa jina lako, wangefukuza wawili. Mamako anakutegemea wewe." Akaiweka bisibisi chini. "Nikasema, acha. Hikma ni fundi. Kesho au kesho kutwa ataiona mwenyewe, atanipigia. Nikangoja kesho. Nikangoja mwezi wa tano, wa sita. Kila simu ikilia nadhani ni wewe."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa nini hukuniuliza?"

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira, Hikma angeweza kupigana nayo. Alikuwa ametulia, na utulivu ule ndio uliomtisha. Akaingiza mkono mkobani, akaigusa barua. Sasa, akajiambia. Mpe sasa.

Simu ya Abdurahim ikalia. Akaitazama, uso ukalainika kabla hajapokea.

"Naam, Ummulkheir. Nimekula, ndiyo. Hapana, sijachoka, na wewe je? Mzee amesema nini?" Akasikiliza. "Sawa. Usigombane naye kwa ajili yangu. Nitakupigia, sawa? Haya, roho."

Roho. Hikma alilisikia neno hilo, na akaelewa yote kabla ya kuambiwa.

"Ni nani?" akauliza hata hivyo. Safari hii aliuliza.

"Anakaa Njiru. Ana duka la vitambaa. Nilimtengenezea simu. Wazee wangu walikwenda kwao mwezi uliopita."

"Wamekubaliwa?"

"Mamake amekubali. Babake hataki. Alisikia nilifukuzwa kwa uzembe, watu karibu wafe. Anasema hawezi kumpa binti yake mtu kama huyo, mpaka apate maandishi kutoka kazini kwamba si kweli." Akacheka kidogo, bila furaha. "Nitayatoa wapi?"

Jua lilikuwa linaingia kibandani, linachoma mabati. Mteja mmoja akaja kuulizia kava ya simu, akaambiwa arudi baadaye. Hikma alikuwa bado ameshika barua ndani ya mkoba. Hakuna aliyejua kwamba iko pale. Angeweza kuinuka, kuaga, na kuondoka nayo. Babake Ummulkheir angeendelea kukataa. Miezi ingepita. Wanaume huchoka kungoja, na Kayole na Makadara si mbali.

Alifikiria hayo yote. Sitawadanganya, aliyafikiria hadi mwisho.

"Unampenda?" akauliza.

"Huwa ananiuliza mambo, Hikma. Nikinuna, ananiuliza. Nikichelewa, ananiuliza nilikuwa wapi na ananiamini. Nimepumzika kwake." Akatazama kaunta. "Wewe nilikupenda zaidi. Lakini kwako sikuwahi kupumzika."

Hikma akaitoa barua, akaiweka juu ya kioo, akaisukuma polepole hadi mbele yake.

Abdurahim akaifungua. Akasoma. Akarudi juu, akasoma tena.

"Hii..." Akainua macho, yamejaa maji. "Ulikuja nayo ili nirudi."

"Nilikuja nayo kwa sababu ni kweli. Ina mhuri. Mpelekee babake leo. Alasiri watu wazima wanakuwa na moyo mzuri."

"Hikma."

"Akitaka kusikia kwa mdomo, namba yangu unayo. Nitamwambia mwenyewe ni nani aliyekosea."

Akainuka, akalinyoosha dera lake. Abdurahim naye akainuka, kaunta katikati yao, na hakuna aliyejua mikono aiweke wapi.

Hikma akaenda hadi kituo cha magari, akakosa nguvu ya kupanda, akakaa kwenye ukingo wa mtaro kando ya mama mmoja anayeuza mahindi. Akalia mbele za watu bila kuficha uso. Yule mama akamtazama, akamkatia kipande cha hindi, akampa.

"Umefiwa, mwanangu?"

"Hapana, mama," Hikma akasema. "Kuna mtu anaoa."